Vikanyagio vya Nyuma

Pikipiki iliingia uani ikisukumwa, na majirani wakatoka kuitazama kama watu wanaomtazama bibi harusi aliyekwisha kuolewa mara mbili: kwa heshima, lakini na maneno chini chini. Tangi lilikuwa jekundu upande mmoja, na upande wa pili jekundu la rangi nyingine. Siti ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi mweupe. Jirani wa mlango wa pili, mtu asiyemiliki hata baiskeli, aliligonga tangi kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Hii imechoka," alisema.

"Imetumika," akajibiwa na bibi mmoja aliyeketi kibarazani. "Kutumika si kuchoka. Hata wewe umetumika, na mkeo hajakurudisha dukani."

Watu wakacheka, na jirani naye akacheka kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Bibi mwenyewe hakucheka. Yeye ni mama mkwe wa mwenye pikipiki, na ndiye aliyeinunua. Alikuwa ameuza sanduku la vifaa vya useremala, lenye randa, misumeno, patasi, na nyundo iliyolainika mpini kwa jasho la mwenyewe. Mwenye sanduku alikuwa mwanawe wa mwisho, na alikufa katika ajali ya pikipiki. Aliyekuwa akiendesha siku ile ni huyu huyu mkwe. Sasa niambie ni akina mama wangapi wangefanya alivyofanya bibi huyu. Mimi sijakutana nao.

"Mama," mkwe alisema, ameushika usukani kwa mikono miwili, "sijui niseme nini."

"Usiseme. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka mitatu unamtazama mke wako akifua nguo za watu, inatosha. Vile vitu vilikuwa vinaliwa na kutu tu chini ya kitanda changu. Nenda karudie kazi yako ya bodaboda, baba."

Mke alikuwa amesimama mlangoni, povu limemjaa mpaka viwikoni. Alikuwa dobi, na nyumba nzima ilikula kwa mikono yake. Siku ile alifurahi, na furaha hiyo hiyo ikamuuma, kwa maana lile sanduku lilikuwa la mdogo wake. Alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. Akajifuta mikono na kuuliza swali la kawaida, ili machozi yasimtoke mbele ya majirani.

"Mbona umeisukuma, Baba Kasuku?"

"Mafuta yaliniishia njiani."

Tangi lilikuwa na mafuta nusu.

*

Kasuku alikuwa binti yao, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Alikuwa akiamka anaongea na kulala anaongea. Habari ya pikipiki aliifikisha shuleni kabla kengele haijalia, na kufika mchana darasa zima lilijua kwamba kuanzia sasa yeye hatatembea tena kwa miguu kama watoto wa watu wengine.

"Lini utanipeleka, baba?"

"Nikipata nafasi."

"Kesho?"

"Kesho nina mzigo."

Kesho yake alikuwa na mzigo, na keshokutwa pia. Kila asubuhi baba alivaa koti lake la zamani la kazi, akaondoka mapema, na jioni akarudi amepakaa vumbi la mkaa au la saruji mpaka kwenye nyusi. Alileta nyumbani alichopata. Hakikuwa kingi, lakini hakuna aliyemsimanga, maana mtu aliyekaa miaka mitatu bila kazi hatarajiwi kuzoa siku ya kwanza. Mama mkwe alimwekea chakula mwenyewe, akamfunikia kwa sahani safi.

Mchana mmoja Kasuku alisimama nje ya lango la shule na wenzake, akaona pikipiki yenye tangi jekundu kwa jekundu inakuja. Akaruka. Akapunga mikono yote miwili, akamwita baba kwa sauti ambayo hata mwalimu aliisikia dirishani. Baba alimwona. Nyuma yake alikuwa amefunga magunia mawili ya mkaa, akapita polepole, akainamisha kichwa.

"Baba yako amepakia gunia," akasema mtoto mmoja, "wewe kakuacha." Na watoto, tunawajua walivyo, wakalifanya neno hilo kuwa wimbo.

Kasuku alirudi kwa miguu. Hakuongea mpaka alipolala, na kwa mtoto yule huo ulikuwa ugonjwa.

"Ungemchukua hata siku moja," mke alisema.

"Siti imechafuka kwa mkaa. Atachafua sare."

"Sare nafua mimi."

Mume akajifanya anatafuta spana.

Hapo ndipo mke alipoanza kuwaza vibaya. Jirani wa kike alimsaidia kuwaza, kama majirani wanavyosaidia. "Mwanamume akipewa magurudumu," alimwambia wakiwa wanaanika nguo, "hupata na nyumba ya pili. Anabeba mtu huyo, lakini hambebi mahali unapoona wewe." Mke akacheka kuficha, lakini neno likabaki limemkaa moyoni kama punje kwenye jino.

*

Jumapili mke aliamua kuiosha pikipiki mwenyewe. Mume alikuwa amelala, amechoka kweli kweli. Mke akaleta ndoo na tambara, akaanza mbele, kwenye taa, akashuka kwenye injini, akasugua vikanyagio vya dereva. Mpira wake ulikuwa umelika, umekwanguka na kung'aa kwa kukanyagwa. Kisha, kwa kuwa dobi hafui nguo nusu, akaenda na nyuma.

Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimekunjwa juu. Akakikunjua cha kushoto, na utando wa buibui ukavutika mpaka ukakatika. Ndani yake mlikuwa na nzi mkavu. Juu ya mpira bado ilionekana alama ya chaki aliyoiandika muuzaji. Akaenda upande wa pili, akakikunjua cha kulia. Nacho kilikuwa hivyo hivyo.

Alichuchumaa pale na tambara mkononi. Kama mumewe angekuwa anabeba mwanamke, mwanamke huyo angekanyaga wapi? Na abiria wa wiki zote hizi, je? Buibui hajengi penye mguu wa mtu. Wivu ukamtoka, na mahali pake pakaingia hofu, ambayo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu hakujua anaogopa nini.

Akavikunja tena kama vilivyokuwa. Hakumwambia mtu.

*

Siku ya pili yake alijitwisha furushi la nguo za mteja, akapitia kituo cha bodaboda cha mumewe. Madereva walikuwa wamejipanga kwa zamu chini ya bati, wengine wamelalia matangi. Pikipiki ya mumewe haikuwapo.

"Unakwenda wapi, mama? Panda, twende!"

"Namtafuta Baba Kasuku."

Kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akageukia wenzake. "Eti Baba Kasuku! Si Gunia huyo?" Wakaangua kicheko. "Mama, kama wewe si gunia tafuta mwingine. Huyo hapakii chenye miguu. Hata mbuzi anamkataa!"

"Funga mdomo," ilisema sauti nyuma yao. Mwenyekiti wa kituo alikuwa mtu wa makamo, amejifunga taulo shingoni. Alimtua furushi, akamvutia benchi. "Msamehe, shemeji. Hajui anaongea na nani."

"Ni kweli?"

Mwenyekiti akajifuta uso, ingawa haukuwa na jasho. "Ni kweli. Zamani hapa tulimwita Taratibu, na abiria walikuwa wakimngojea yeye, wanatuacha sisi. Aliporudi nikampokea kwa mikono miwili. Lakini zamu yake ikifika, anasema ana mzigo. Abiria anasimama, anabishana, anakwenda kituo kingine. Sisi ni kituo cha watu, shemeji. Wa mizigo wana chao kule sokoni, na kule hawapokei mgeni. Wenzake wananiambia atoke, nafasi apewe mwingine. Nimewabembeleza, nimewabembeleza, sasa nimewaahidi Jumatatu ijayo. Asipopakia mtu, namtoa. Naona aibu kukuambia wewe, lakini ndivyo ilivyo."

"Ahsante kwa kuniambia."

"Nimsaidieje?"

Mke akainuka benchini. Akajitwisha furushi lake na kwenda zake, huku nyuma yule kijana akiulizwa kama haoni haya.

*

Mume alimkuta mkewe akimngojea nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia.

"Kaa, Baba Kasuku."

"Nimechafuka."

"Kaa na uchafu wako. Mimi ni dobi."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi.

"Nimetoka kituoni," mke alisema. "Wanakuita Gunia."

Mume akatazama chini.

"Kwa nini hupakii watu? Niambie mimi kabla mama hajaambiwa na watu wa nje. Sanduku la mwanawe limekwenda. Jumatatu ijayo nafasi yako anapewa mtu mwingine. Mama nitamwambia nini? Kwamba ameuza kumbukumbu ya mwanawe ili upeleke mkaa, na hata huo mkaa umenyang'anywa?"

"Siku nilipoileta niliisukuma kutoka kwa muuzaji mpaka hapa," mume alisema. "Mafuta yalikuwamo. Sikuweza kuipanda tu. Baadaye nikaweza, nikiwa peke yangu. Nikajua nimepona. Siku ya kwanza kituoni nikampakia mzee mmoja, mtu mstaarabu kabisa. Sijatia hata gia, naye hajakunjua hata vikanyagio, akanishika hapa." Akajishika kiunoni, huku na huku. "Mikono yangu ikafa ganzi. Nikamwambia ashuke, pikipiki ina hitilafu. Nikaisukuma mpaka kona ili aamini."

"Kwa sababu amekushika?"

"Gunia halishiki kiuno, Mama Kasuku. Gunia nalifunga kamba. Likianguka, nalifunga tena." Alikuwa akizungumza polepole, kama anayeokota maneno chini. "Siku ile lori lilipotuingilia, watu wote waliniuliza lori lilitoka upande gani, mvua ilikuwaje, nilikuwa na mwendo gani. Mimi lori hata sikuliona vizuri. Nilichokijua ni mikono ya shemeji yangu. Ilinibana. Ilinibana sana, halafu ikaachia. Hilo hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli, hakuna aliyemuuliza. Mkewe hakuwahi kumuuliza neno moja kwa miaka mitatu, akijiona mwenye hekima kwa kutokwangua kidonda. Tuna tabia hiyo ya kudhani kimya ni dawa. Kimya ni kitambaa tu, na chini yake uchafu unaendelea na kazi yake. Mke alimtazama mumewe aliyekaa juu ya ndoo kama mtoto aliyeadhibiwa, akamhurumia.

"Jumapili tutakwenda uwanja wa mpira, mapema, kabla ya watu," alisema. "Utanipakia mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Ukiweza kumpakia dada yake, utaweza kumpakia yeyote."

*

Mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja ulikuwa umelowa, hauna mtu. Mke alivikunjua vikanyagio vya nyuma yeye mwenyewe, akapanda, akaweka mikono kwenye mabega ya mumewe.

"Mabegani siyo," mume alisema. "Abiria hashiki mabega. Shika wanaposhika."

Akamshika kiunoni. Akahisi mwili wote wa mumewe ukikakamaa. Pikipiki ikatoka kwa kuruka, ikazimika. Akapiga kiki, ikawaka, ikazimika tena.

"Siwezi."

"Tuna haraka ya kwenda wapi? Piga tena."

Akapiga tena. Safari hii akaachia klachi taratibu, na pikipiki ikaanza kutambaa pembezoni mwa uwanja kwa mwendo ambao hata kuku angeupita. Walipita goli la kwanza. Walipita goli la pili. Mume akatia gia ya pili, na mgongo wake ukaanza kulegea kidogo kidogo mbele ya mkewe.

"Naendesha!" alisema. "Mama Kasuku, naendesha!"

Akacheka. Kicheko hicho mkewe alikuwa amekisahau. Akatia gia ya tatu, upepo ukawapiga, na hapo ndipo mke alipotambua mikono yake iko wapi.

Ilikuwa pale pale ilipokuwa mikono ya mdogo wake. Shati hili, au jingine kama hili, mbavu hizi hizi zinazopanda na kushuka. Akavijua vile vidole, vyenye kovu la msumeno, kana kwamba viko chini ya vyake. Akajua vilivyobana. Akajua pia jinsi ya kuachia, na kwamba ni jambo jepesi, ni kufungua vidole tu. Alitaka kusema simama. Alitaka kushuka hata kama pikipiki inakwenda.

Lakini mumewe alikuwa anacheka. Kelele moja tu, na mikono ile ingekufa tena, na safari hii isingefufuka. Basi akaifunga midomo, akalaza paji la uso kwenye mgongo wa mumewe, akang'ang'ania. Mume alizunguka uwanja tena, na tena, kwa raha zake. Mke alivumilia kila mzunguko kama mtu anayeshonwa bila ganzi.

Waliposimama, mume aligeuka uso umefunguka kama wa kijana. "Umeona? Umeona wewe?"

"Nimeona."

"Mbona machozi?"

"Vumbi."

Uwanja ulikuwa tope tupu. Mume hakuliona tope, na simlaumu. Mwenye furaha mpya haoni mbali.

"Panda turudi, tukamwambie mama."

"Tangulia wewe, afurahi kuisikia ikiingia. Mimi napitia sabuni dukani."

*

Mke alipofika nyumbani, mume alikuwa kwa jirani akisimulia kwa mikono na miguu. Mama yake alikuwa ameketi kando ya karai la nguo, anamngojea.

"Amekupakia?"

"Amenipakia, mama."

"Na wewe mbona umerudi kwa miguu?"

Binti akachukua shati kwenye karai, akalikamua mpaka likatoa tone la mwisho. "Nilishika pale alipokuwa ameshika yeye," alisema.

Mama hakuuliza ni nani. Alilikunja na kulikunjua pindo la kanga yake.

"Mimi hata kuigusa sijaigusa," alisema mwishowe. "Tangu iingie hapa. Nikienda msalani napita upande wa ukutani ili nguo yangu isiiguse. Hukuona?"

"Sikuona."

"Basi nawe fanya hivyo hivyo, asione. Mgonjwa akianza kula, humwambii chakula kimepatikanaje."

"Mama, kwa nini ulinunua?"

"Ungetaka ninunue nini? Aliyekufa ni mwanangu, na huyu aliyebaki ni mwanangu. Mmoja siwezi kumfanyia kitu tena." Akavuta karai karibu, akaingiza mikono majini, na wote wawili wakaendelea kufua.

*

Jumatatu Kasuku alikuwa tayari kabla ya jua, viatu vimefungwa, begi mgongoni.

"Abiria wangu wa kwanza ni huyu," baba alisema. "Tena namshusha langoni, kengele inalia, kila mtu anaona. Kisha moja kwa moja kituoni."

Mama Kasuku alikuwa akitoka na furushi la nguo zilizopigwa pasi. Hakuwa ameambiwa. Akasimama. Bibi, kibarazani, akashika nguzo.

"Mnyanyue basi, Mama Kasuku, miguu haifiki."

Akaliweka furushi chini, akamnyanyua mwanawe, akamkalisha kwenye siti. Kasuku alishika shati la baba kwa vidole viwili, maana mkono wa pili alikuwa akiwapungia watoto wa jirani.

"Shika vizuri," baba alisema.

"Nimeshika!"

Mama akauchukua ule mkono uliokuwa ukipunga. Akauzungushia kiunoni mwa mumewe. Akauchukua na wa pili, akauzungusha upande wake, akavipandanisha vidole vidogo kimoja juu ya kingine, akavifunika kwa kiganja chake.

"Hapa," alisema. "Usiachie."

"Hata nikitaka kujikuna?"

"Hata ukitaka kujikuna."

"Na nikimwona rafiki yangu?"

"Mwite kwa mdomo, si unao? Usiachie, mwanangu. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Unaniumiza."

Akaondoa kiganja.

"Panda na wewe nyuma yake," mume akasema, injini inaunguruma, uso unamng'aa. "Tutabanana. Nakushusha kwa mteja wako, ni njia moja."

"Furushi ni kubwa," alijibu. "Nendeni."

Wakaenda. Aliwatazama mpaka wakakata kona, na sauti ya Kasuku ikasikika hata baada ya hapo, inaongea. Kisha akajitwisha furushi, akashika njia ya kuzunguka, ile isiyopita barabara kuu, akaenda kwa miguu.